Machano Alisimama Wapi?

"Bwana Himid, mashua ikishaingia ndani kulala, nyinyi mtalala pwani?"

Hilo ndilo swali alilouliza jirani mmoja, Bi Tabia, siku mlango wa ghala ulipokuwa ukibomolewa, na mtaa mzima wa Malindi, Unguja, ukacheka. Watu walikwishaona mbuzi akilazwa ukumbini, na kuku wakitotoa chini ya kitanda. Lakini mashua, tena juu ya gari lake la magurudumu mawili, itiwe ndani ya nyumba ya mawe kama bibi harusi? Hiyo ilikuwa mpya.

Bwana Himid bin Turki hakujali. Mashua yake ilikuwa ya mbao za msaji, naye hakutaka iliwe na wadudu wa baharini wala ichezewe na watoto wa pwani. Akamwita Fundi Simai. Simai akapima kwa kamba, akapima tena, akaichonga miimo ya mlango unaotazama pwani, akapandisha kizingiti cha juu, na mpini wa gari akaufanya wa kuchomoa. Tarehe saba Mfungo Mosi, mwaka wa 1913, mashua ikaingia, omo, ile pua yake, mbele. Nyuma mlango ukafungika bila ya kugusa mbao. Mbele, baina ya ncha ya omo na ukuta, pakabaki vidole vinne.

"Hata paka mwenye mimba hapiti," Simai akajisifu.

Jumapili moja ya wiki ya saba, saa moja na nusu asubuhi, Simai alikuja kukaza bawaba iliyolegea. Alipofungua tu, harufu ikamrudisha nyuma. Akainama, akachungulia chini ya gari, akapiga ukelele.

Wa kwanza kufika alikuwa dada yake, Bi Shemsa, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka pale. Alikuwa mjane wa fundi wa vyombo, mtu wa tasbihi na wa macho yake mawili. Hakuwa msemaji, ila kitu kikimpita mbele hakikupotea. Aliwaona wanaume wakimvuta maiti kutoka chini ya omo. Alikuwa Machano, nahodha wa mashua ile, kifua kimebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Walipomgeuza, Bi Shemsa aliona shati lake jeusi limejaa chokaa mgongoni, mabegani hasa. Akasema "Innalillahi," akajitanda leso yake vizuri, akasogea kando.

Sajini Abdulla alifika saa tatu na askari wawili. Akahoji pale pale mlangoni.

"Mlango huu una funguo ngapi?"

"Mbili," akajibu Bwana Himid. "Mmoja wangu, nao nilikuwa nao Chukwani shambani tangu Jumatano. Nimerudi jana alasiri juu ya punda wangu, mtaa mzima umeniona. Wa pili anao Fundi."

"Mashua mara ya mwisho imetoka lini?"

"Haijatoka tangu siku ilipoingia."

"Na Ijumaa uliswali wapi, Bwana?"

"Huko huko Chukwani, alhamdulillahi."

Bi Tabia akajipenyeza mbele. "Sajini, mie Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, nilisikia kishindo humu ghalani, kama gunia la karafuu limeanguka. Nikadhani ni fundi na kazi zake."

Macho yote yakamgeukia Simai.

"Fundi, Ijumaa hukuonekana msikitini," akasema Sajini.

"Nilikuwa na homa."

"Na wiki iliyopita barazani, kwenye kahawa, ulimwambia nini marehemu?"

"Alinitania. Alisema sikujenga banda, nimeichimbia mashua kaburi. Nami nikamwambia basi nitamzika yeye humo. Maskhara, Sajini! Watu wote walicheka."

"Leo hawacheki. Alikuwa chini akitazama magurudumu, wewe ukachomoa kabari ya gurudumu, gari likamponda. Twende."

Mchana ule Sajini alimkamata na mtu wa pili: Usi, mchukuzi aliyesaidia kuvuta gari siku ya kwanza. Naye hakuonekana msikitini Ijumaa, na kila alipoulizwa alikuwa wapi aliinamisha kichwa akanyamaza. Bi Shemsa aliposikia, moyo wake ulipata nafuu, kisha akajionea haya. Alikuwa anamwombea mtoto wa mwenzake kitanzi ili mtoto wa mama yake aokoke.

Saa kumi alikwenda kituoni. Simai alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nshasema. Nyumbani. Nimejifunika mablanketi mawili, natetemeka."

"Nani alikuona?"

"Nani anione, na watu wako msikitini?"

"Jumamosi nilikuona unapiga randa, mzima kama chuma."

"Homa ya baridi huja ikaenda, dada, unaijua."

Bi Shemsa alishika chuma cha mlango. Wazee wao walikuwa wamekufa. Damu yake iliyobaki duniani ilikuwa ile, imekaa sakafuni, na wanaoua hunyongwa. "Simai, niambie mie. Ulimuua?"

Simai aliinua uso taratibu. "Na wewe pia?"

"Mtu anayemnyima Mungu Ijumaa yake, atashindwa kufanya nini?"

Simai akageukia ukutani.

Bi Shemsa alirudi nyumbani akaswali magharibi, na baada ya kutoa salamu hakuinuka. Tasbihi ilikuwa mkononi, lakini kidole hakikusogea. Ile chokaa ilikuwa ikimsumbua. Sakafu ya ghala la Bwana Himid ilikuwa ya udongo mwekundu. Mtu aliyepondwa amelala angetoka na udongo mgongoni. Chokaa iko ukutani tu. Basi Machano hakuwa amelala. Alikuwa amesimama, mabega yake ukutani, huku kitu kinamjia kifuani. Lakini alisimama wapi, na baina ya omo na ukuta pana vidole vinne? Na hilo gari, kabari ikichomolewa, libiringike liende wapi?

Jumatatu alfajiri alikwenda kumpa pole Bi Shariffa, mke wa Bwana Himid, kwa msiba uliotokea nyumbani kwake. Wakakaa juu, kahawa katikati.

"Badriya simuoni," akasema Bi Shemsa. Badriya alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Bwana Himid, yatima aliyelelewa mle, na shamba la karafuu aliloachiwa na baba yake liko mikononi mwa ami yake mpaka aolewe.

"Kamchukua ami yake Jumatano, kwenda Chukwani kupumzika. Kamwacha huko."

"Peke yake, bila ya mwanamke?"

"Nilitaka kwenda nao, akakataa." Bi Shariffa alizungusha kikombe. "Hata sikuelewa, shoga. Mtu anakwenda kupumzika shambani, kachukuliwa pamoja na kasha lake la udi, na vipuli vya dhahabu, na nguo ambazo hazijavaliwa."

Bi Shemsa alikunywa kahawa yake mpaka chini. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Sajini Abdulla, akamwomba mambo mawili: atume askari Chukwani, na yeye mwenyewe aje ghalani saa nane na wafungwa wote wawili.

"Bi Shemsa, huyu ni nduguyo. Kila mtu ana dada."

"Kweli. Basi nikikosea, utakuwa umepoteza alasiri moja. Ukikosea wewe, umenyonga mtu."

Saa nane wote walikuwepo: Sajini na askari wake, Simai na Usi katika pingu, Bwana Himid katika kanzu nyeupe, na Bi Shariffa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Bi Shemsa aliomba madebe manne ya maji.

"Ya nini?" akauliza Bwana Himid.

"Marehemu mume wangu alinifundisha jambo moja. Chombo kikikaa nchi kavu wiki sita, wakati wa jua hili, mbao hukauka, hunywea, hupishana. Ukikitia maji huvuja kama tenga, mpaka mbao zivimbe tena. Bwana Himid, wewe umesema haijatoka siku ngapi?"

"Wiki sita zimepita," akasema Sajini kwa niaba yake.

Askari wakamimina madebe yote ndani ya mashua. Watu wakangoja. Sajini alijikunja akatazama chini, upande huu na upande ule, akapitisha kiganja kwenye maungo ya mbao. Kiganja kilirudi kikavu.

"Haivuji hata tone."

"Basi ilikuwa baharini, na si zamani," akasema Bi Shemsa.

Hapo Usi akaanza kulia. "Mie niliona, Sajini! Ijumaa niliona gari tupu pwani, magurudumu majini, na mashua haipo."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nililiona, mungeniuliza nilikuwa nafanya nini pwani saa ya Ijumaa. Nilikuwa nimelala kivulini. Baba yangu ni mwadhini. Nilimwogopa zaidi kuliko nyinyi."

Sajini alitikisa kichwa. Bi Shemsa akaenda mpaka kwenye omo, akaweka vidole vyake vinne baina ya mbao na ukuta.

"Simai, gari linapoingizwa, watu husimama vipi?" Hakumtazama alipouliza.

Simai akajibu akiuangalia ukuta. "Mmoja nyuma anasukuma. Mmoja hutangulia ndani, mgongo ukutani, anaipokea omo na kuielekeza, kisha huchutama na kutoka chini ya gari. Pamebana, haingii bila ya hivyo."

"Machano alikuwa na chokaa mabegani. Alisimama pale pale, anaipokea. Aliyekuwa nyuma hakusukuma polepole. Kisha akarudisha gari kidogo, maiti ikaanguka, akailaza chini, akaisukuma mashua mahali pake na kufunga mlango. Sasa, Sajini, Machano alikuwa nahodha wa nani? Ataitoa mashua kwa amri ya nani?"

"Mwenye ufunguo wa pili ni nduguyo!" Bwana Himid akapaza sauti. "Mimi nilikuwa Chukwani."

"Na Badriya yuko wapi?"

"Chukwani."

Sajini Abdulla akakohoa. "Bwana Himid, askari wangu amerudi adhuhuri. Mlinzi wako anasema ulifika Jumatano na punda na binti. Alasiri ikaja mashua, nahodha Machano, mukapanda wote wawili. Punda akabaki amefungwa. Wewe ulirudi kwa miguu Ijumaa, jua linatua, miguu ina mchanga. Binti hakurudi. Ulimwambia mlinzi akisema neno utamfukuza. Lakini aliposikia kuna maiti, alisema."

Bwana Himid aliegemea mbavu za mashua. Alionekana mfupi kuliko siku zote.

"Yuko Kendwa, kaskazini huko," akasema. "Nimemwoza. Mimi ni walii wake, nina haki."

"Kwa ridhaa yake?" akauliza Sajini.

Bwana Himid akajishughulisha na vifungo vya kanzu yake.

"Nani?" Sauti ya Bi Shariffa ilitoka nyuma ya pazia.

"Mtu mzima, wa heshima. Amekubali shamba libaki mkononi mwangu. Mwingine angelichukua. Miaka kumi na miwili nimepalilia mikarafuu ile! Kaka yangu alikufa, mikarafuu haikufa, kwa sababu yangu."

"Na Machano?" akauliza Sajini.

"Jumatano alfajiri tuliitoa mashua, watu wamelala, gari tukaliacha pwani. Badriya alilia njia nzima kwenda Kendwa. Machano akawa hasemi. Tulipofika hapa, watu wako msikitini, tukaivuta. Akaingia ndani kupokea omo, akaniambia, 'Bwana, tukishaitia hii, mie nnakwenda kwa kadhi.' Nami nilikuwa nasukuma." Akatazama viganja vyake. "Nilikuwa nasukuma tu."

"Ukamwachia Simai maiti na lawama."

"Nilijua atakuja kukaza bawaba. Nilijua pia walisemana."

"Mali ya yatima ni moto tumboni, Bwana Himid," akasema Bi Shemsa. "Na mimi nilikuamini kwa sababu ulisema uliswali."

Nyuma ya pazia zilisikika hatua zikipanda ngazi haraka, kisha Bi Shariffa akimwita mtu atafute chombo cha kwenda Kendwa, leo hii, si kesho. Sajini alifungua pingu za Usi, akafungua za Simai, akazitia zile zile kwenye mikono ya Bwana Himid. Askari wakamwongoza nje. Watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakampisha, hakuna aliyemcheka.

Wakabaki wawili, Bi Shemsa na ndugu yake, na mashua iliyojaa maji. Simai alikuwa akijisugua vifundo vya mikono.

"Twende nyumbani, mwana wa mama," akasema Bi Shemsa. "Nimekupikia wali wa nazi. Usiku wote sikulala."

Simai akaitazama ile bawaba iliyolegea.

"Nilikukosea. Wale wengine nilipima maneno yao, wewe nilikupima kwa Ijumaa moja. Nisamehe."

"Angeniuliza mtu wa mtaani, ningemjibu," akasema Simai. "Aliuliza Sajini, nilimjibu. Wewe, dada..."

Alipita chini ya kizingiti alichokipandisha kwa mikono yake, akashika njia ya pwani peke yake.