Redio Iliyotaja Boti Nyingine

Kioo kipya cha ramani kilionyesha maji marefu, buluu tupu, pale boti ilipoupanda mwamba. Mbao zilipasuka kwa mlio wa kutia ganzi meno. Nahodha, mwanamke aliyerithi usukani ule kwa baba yake, alirushwa ukutani akaanguka kwa magoti. Kutoka chumba cha injini alimsikia baba yake mdogo, fundi wa boti, akimtaja Mungu mara moja tu, kisha kimya.

Alimkuta amelaliwa na betri kubwa mguuni, maji yakimfika kifuani. Aliisukuma betri, akamkokota hadi kwenye sitaha. Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya goti na damu haikuwa na mzaha. Alifunga mkanda juu ya jeraha, akaukaza kwa spana, na mzee akalalamika kwamba hiyo ndiyo spana aliyokuwa akiitafuta tangu juzi.

Injini ilikuwa imezama. Boti ilikuwa imekaa juu ya mwamba, sehemu yake ya nyuma, tezi, ikiwa majini, na kila wimbi likiitikisa. Maji yalikuwa yanajaa. Yakifika juu yangeinyanyua, na boti yenye tundu lile haielei. Dumu la maji ya kunywa lilikuwa limepasuka. Kilichobaki ni chupa moja, nusu.

Hata hivyo nahodha hakuwa amekata tamaa, maana alikuwa na vifaa vipya. Redio na kioo cha zamani vilikuwa vimechoka, na kaka yake mkubwa, mwenye boti yake ya kutembeza wageni, ndiye aliyekwenda mjini kumnunulia vingine. Kaka alivifunga kwa mikono yake, akavifuta kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Kwa kawaida, redio mpya ikifungwa unaita kituo cha uokoaji, unataja boti yako, nao wanakuthibitishia wanaiona. Nahodha hakuita. Katika familia yao, kuikagua kazi ya kaka mkubwa mbele ya watu ni sawa na kumwita mwongo. Alishukuru, akawasha injini, akaenda zake.

Sasa alibonyeza kitufe chekundu cha dharura. Redio, yenye betri yake ndogo pale usukanini, ikalia, na baada ya muda sauti ya kituo ikaja, safi kabisa, ikiita boti ya kaka yake.

Alidhani wamekosea. Akashika kipaza sauti, akataja boti yake, akaeleza mwamba, mguu, maji. Hawakumsikia. Waliita tena na tena jina lilelile, wakanyamaza, kisha wakarudi kwa ukali kidogo: wamempigia simu mwenye boti hiyo, naye amesema imefungwa gatini, salama, na huenda kuna mtu anachezea vitufe. Kitufe hicho si cha kuchezea.

Nahodha alibaki ameshika kipaza sauti. Alielewa taratibu, na kila alichoelewa kilimuuma zaidi ya kilichotangulia. Kaka alijichukulia vifaa vipya, akavitia vyake vya zamani katika maboksi mapya, akamfungia hivyo. Ndiyo maana ramani haikuujua mwamba. Kila redio hubeba namba ya boti iliyosajiliwa nayo; ndiyo maana hii ilitangaza namba ya boti ya kaka. Na kituo kilipompigia, kaka alijua vizuri redio ile iko wapi na nani yumo ndani.

"Baba mdogo," alisema, "kaka ametuacha tufe."

Mzee alifumba macho. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Utalia baadaye, mwanangu. Fungua hicho kipaza sauti. Waya ukizeeka hukatikia shingoni."

Alikifungua kwa kisu, machozi yakimtiririka bila ruhusa. Waya ulikuwa umekatika palepale. Mzee alimwelekeza kwa sauti inayofifia: menya, sokota, usiguse ule mwingine. Nahodha alimnywesha maji, yeye mwenyewe akalamba midomo tu. Boti ikajinyanyua, ikashuka, ikajinyanyua tena. Alipobonyeza mara hii, kituo kilimjibu, kikashangaa kwamba mashine inaonyesha boti nyingine.

"Redio ni ya kaka yangu," alisema. "Boti ni yangu. Na aliyewaambia ni mchezo anajua kwamba ni mimi."

Waliokolewa maji yakiwa kiunoni, nahodha amemnyanyua mzee kichwa kama anayemwogesha mtoto. Boti iliteleza kutoka mwambani wakiwa bado wanaiona.

Gatini kaka alikuwa amesimama mbele ya watu wote, blanketi mkononi. Alianza kusema kwamba aliogopa aibu, kwamba alidhani ni hitilafu ndogo, kwamba angekuja mwenyewe kumtafuta.

Nahodha alimsikiliza. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti:

"Walipokupigia, ulikuwa unafanya nini?"

Kaka alitazama chini. "Nilikuwa nakula."

"Ulimaliza?"

Kaka aliitikia kwa kichwa. Wabebaji waliinua machela, na nahodha akamfuata mzee kuelekea kwenye gari la wagonjwa. Nyuma yake kaka alimwita kwa lile jina la utotoni ambalo hutumia yeye peke yake. Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa hivyo asigeuke. Siku hiyo hakugeuka.