Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Suruali ya Baba Chiriku ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mfuko wa kulia ulitoboka kila mara. Mkewe aliushona, ukatoboka. Akatia kiraka, nacho kikatoboka.

"Hivi unabeba nini humu, mume wangu? Nyundo?" Mama Chiriku aliuliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Ufunguo."

"Ufunguo au jembe?"

Baba Chiriku alicheka, akauonyesha. Ulikuwa ufunguo mrefu, mzito, wa kufuli kubwa.

Baba Chiriku alikuwa bawabu wa ukumbi wa shughuli. Harusi, mikutano na maonyesho yote ya mtaa yalifanyika humo. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na mbele ya kibaraza kulikuwa na kichochoro. Ng'ambo ya kichochoro ulikuwapo mlango wa nyuma wa ukumbi.

Mlango huo ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa nje. Mwenye ukumbi, ambaye watu walimwita Tajiri, ndiye aliyeamuru hivyo. Vijana walikuwa na mchezo wa kuwafungulia wenzao waingie bure.

"Funga," Tajiri alimwambia bawabu wake. "Ufunguo ukae na wewe."

Basi Baba Chiriku alikaa mbele, na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikaa mfukoni mwake. Hakuna aliyeona ubaya. Mama Chiriku naye hakuona ubaya. Mlango ni wa mtu, amefunga, yamekwisha.

Alasiri moja kulikuwa na onyesho la muziki. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili taa za rangi zipendeze. Bibi, mama mzazi wa Baba Chiriku, alikwenda kutazama pamoja na mjukuu wake. Mjukuu huyo ndiye Chiriku mwenyewe. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu asubuhi mpaka usingizi umchukue.

Mama Chiriku alikuwa akipindisha upindo wa gauni. Ghafla muziki ulikatika. Akasikia mtu akipiga mlango wa nyuma kwa ndani. Pu!

Akainua kichwa.

Pu! Pu! Kisha vishindo vikawa vingi, havina mpango. Vilikuwa viganja vya watu. Chini ya mlango moshi mwembamba ulianza kutoka.

Aliruka kichochoro. Alishika mnyororo kwa mikono yote miwili, akauvuta. Mnyororo haukujua kilio cha mtu.

"Mama!" sauti ya mtoto ilipiga kelele ndani. "Mama!"

Alikuwa nani? Watoto wote huita hivyo.

"Baba Chiriku! Ufunguo! Ufunguo jamani!"

Mumewe alikuja mbio, akizunguka jengo lote kutoka mbele. Kijasho kilimtiririka. Akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umepenya kwenye tundu, ukanasa ndani ya kiraka. Akavuta. Haukutoka.

"Umenasa! Mke wangu, umenasa!"

Ndani, viganja vilianza kupungua nguvu. Hilo ndilo lililomtisha Mama Chiriku kuliko kelele. Mkasi wake ulining'inia shingoni. Aliukata mfuko ule, kiraka na kitambaa pamoja. Ufunguo ukaanguka chini. Baba Chiriku aliuokota, lakini akakosa tundu la kufuli mara kadhaa.

Mlango ulipofunguka, watu walianguka nje kama magunia. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Spika moja tu, iliyokaa karibu na mlango wa mbele, ilikuwa imeungua. Bibi aliteguka mkono na kupoteza kiatu kimoja. Chiriku alitoka amemshika bibi yake gauni, macho makavu, kimya.

Alikaa kimya siku nyingi. Nyumba nzima iliogopa ukimya ule.

Kesho yake baada ya moto, mnyororo ulirudi mlangoni. Baba Chiriku alirudi na suruali yenye mfuko uliokatwa.

"Nishonee, mama."

Mama Chiriku aliishika suruali, asiishone.

* * *

Haukupita muda, tangazo lilibandikwa kwenye lango la ukumbi. Watu walilipita kama wanavyoyapita matangazo mengine. Aliyemweleza Mama Chiriku alikuwa mteja wake, Dada Karani. Yeye alifanya kazi katika ofisi ya leseni ya halmashauri ya mji. Alikuja kupimwa gauni.

"Tangazo lile umelisoma?"

"Mambo ya wakubwa yale. Inua mkono, nikupime kwapa."

"Si ya wakubwa, ni ya kwako. Tajiri anaomba leseni mpya ya shughuli. Tena anaomba kuweka mashine za kamari kwenye ujia wa ndani, ule unaotoka ukumbini kuja mlango huu wa nyuma."

Mama Chiriku aliachia kamba ya kupimia. Aliujua ujia ule. Ulikuwa mwembamba hata bila kitu. Akilini akaona mashine zimepangwa, na wachezaji wameketi kwenye viti vyao. Akaona moshi. Mlio ule wa viganja ukamrudia masikioni.

"Na mlango je? Mnyororo?"

"Mnyororo gani?" Dada Karani aliuliza.

Mama Chiriku akamwonyesha kwa kidole. Dada Karani aliutazama mlango kwa muda. Uso wake ulibadilika.

"Dada, tulipewa habari ya spika tu. Ya mnyororo hatukuambiwa."

"Basi nitakuja kuwaambia kamari ni dhambi!"

"Hayo ya dhambi mpelekee Mungu, atakusikia. Halmashauri ipelekee ulichokiona kwa macho yako. Hatunyimi mtu leseni kwa sababu majirani wamemchukia. Tunauliza maswali: nani ataumia? Wapi? Kwa njia gani? Ukumbi huo shule huutumia?"

"Watoto wataimba humo mwisho wa muhula. Chiriku yumo."

"Basi sema hilo. Mashine za kamari hazifai kukaa mahali watoto wanapopita. Sema na habari ya ujia. Yeyote anayeishi au kufanya kazi karibu ana haki ya kuweka pingamizi. Yaani kusema, 'Hapana, na sababu yangu ni hii.' Unaweza kuandika, unaweza kuja kusema mwenyewe kwenye kikao cha wazi. Lakini uwahi. Siku iliyoandikwa kwenye tangazo ikipita, mlango huo nao umefungwa."

Baba Chiriku alipoambiwa, alikaa chini kama aliyepigwa.

"Unataka unga wetu umwagike? Yule ni bosi wangu!"

"Naogopa kama wewe," mkewe alisema. "Naogopa zaidi."

"Mimi ni mtu wa kushika ufunguo tu. Siku watu wakifa..."

Akaishia hapo.

"Siku watu wakifa, ufunguo utakuwa kwa nani?" mkewe akamalizia kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa kitandani, mkono umefungwa bendeji. "Mimi pingamizi langu ninalo," alisema. "Kiatu changu kimoja kimo mle ndani mpaka leo. Au mnataka nitembee kama kuku aliyefungwa kamba?"

Hakuna aliyecheka sana.

* * *

Siku ya kikao Mama Chiriku aliomba dua mlangoni kabla ya kutoka. Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni yenye kelele, na madiwani waliovaa miwani. Tajiri alikaa mbele, amenyoosha miguu. Nyuma yake alisimama Baba Chiriku, amemshikia mkoba. Mume na mke hawakutazamana.

Tajiri alisema ukumbi wake ni salama. Alisema mashine zitaleta kazi na kodi. "Na mlango wa nyuma huwa wazi muda wote wa shughuli," akaongeza.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama Chiriku alisimama.

"Huyu ni mshona nguo," Tajiri alicheka. "Anajua nini habari za ukumbi?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Mama Chiriku alianza. "Mimi sijui mambo mengi. Najua mlio. Najua mlango unavyolia watu wakiupiga kwa viganja na moshi uko nyuma yao. Najua pia unavyonyamaza wanapochoka. Mlango ule una mnyororo kwa nje. Mtoto wangu alikuwa ndani. Ujia ni mwembamba. Mkitia mashine, watu watapita wapi? Na watoto wa shule watakuja kuimba humo humo, penye kamari?"

"Uongo!" Tajiri alifoka. "Mnyororo gani? Nani ameuona?"

Feni ilipiga kelele peke yake. Mama Chiriku alihisi ardhi inamkimbia. Sasa wamepoteza kazi, na mlango utabaki vilevile.

Ndipo mkoba ukawekwa chini. Baba Chiriku alipita mbele ya bosi wake. Uso wake ulikuwa umepauka. Alitia mkono, si mfukoni, maana mfuko haukuwapo. Aliutia kifuani mwa shati. Akaweka ufunguo mezani.

"Huu ndio wa kufuli lake, waheshimiwa. Mimi ndiye ninayefunga."

Tajiri aliikunja miguu yake.

Halmashauri haikuamua siku hiyo. Iliwatuma wakaguzi na mtu wa zimamoto. Waliukuta mnyororo, wakaupima ujia. Kisha uamuzi ukatolewa mbele ya watu wote. Mashine za kamari zilikataliwa. Leseni ya shughuli ilitolewa, lakini kwa masharti. Mnyororo utolewe. Mlango usukumwe kutoka ndani bila ufunguo wowote, na ufungukie nje. Ujia usiwekwe hata kiti. Watu wasizidi idadi iliyoandikwa langoni. Na kila shughuli, mlinzi asimame kwenye mlango wa nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. Sharti moja likivunjwa, leseni itafutwa.

"Na mkiona mnyororo umerudi," Dada Karani aliwaambia majirani, "msingoje moshi. Njooni ofisini siku hiyo hiyo."

Tajiri alimnunia bawabu wake, hata salamu hakuitikia. Lakini sharti lilitaka mlinzi wa mlango wa nyuma, na aliyeujua mlango ule kuliko wote alikuwa Baba Chiriku. Kazi ikabaki.

* * *

Mwisho wa muhula watoto waliimba. Mama Chiriku alibaki kwenye cherehani yake. Hakuweza kuingia, woga ulikuwa bado umemkaa mwilini.

Katikati ya wimbo, sauti zikakatika.

Mguu wake uliganda juu ya kikanyagio. Harufu ya waya unaoungua ilivuka kichochoro. Alisimama, mkasi mkononi, akingoja mlio wa viganja.

Mlio haukuja. Mlango ulifunguka, wote, mpaka ukutani. Mwalimu mmoja alikuwa ameusukuma kwa nyonga. Nyuma yake walitoka watoto, mstari mrefu, wakikohoa kidogo.

"Tembeeni, msikimbie," Baba Chiriku alisema mlangoni. "Tembeeni, wanangu. Nafasi ipo."

Bibi alitoka akiwa na viatu vyote viwili. "Leo sijaacha kitu!" alitangaza. Chiriku alitoka wa mwisho wa kundi lake, akisimulia kabla hajafika kibarazani, waya ulivyowaka, nani alilia, nani alisahau maneno ya wimbo. Mama yake alimkumbatia, akamwacha aseme, aseme tu.

Jioni ile Mama Chiriku aliitoa suruali kabatini. Akatia kitambaa kipya mahali pa mfuko, akaushona mshono mmoja mwepesi.

Mpaka leo haujatoboka.