Haji, Namuoa Desemba

Walikutana kwa kugombana, na pengine wangeishia hapohapo. Ilikuwa saa sita mchana kwenye duka la fotokopi nyuma ya chuo, mashine inanguruma, foleni imefika mlangoni. Binti wa gauni la kijani, kamusi ya Kijerumani kwapani, aliona kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi akimchomekea mbele.

"Kaka, foleni inaanzia kule."

"Nina ukurasa mmoja tu, mrembo."

"Hata ungekuwa na nusu. Rudi nyuma!"

Akarudi, huku anacheka. Kumbe walisoma darasa moja la Kijerumani, ila kijana alikaa viti vya mwisho kabisa. Mwezi haukuisha, tayari anamwita kipenzi. Binti, ambaye darasa zima lilimwita Kamusi, alimbandika jina la Bwana Kesho, maana kila fomu ya kwenda ng'ambo aliahidi kuijaza kesho.

"Ukishindwa muhula mzima wa kubadilishana wanafunzi, kuna kozi ya kiangazi," Kamusi alimwambia. "Wiki tatu tu! Nimekutolea nakala ya fomu."

"Kesho, kipenzi. Mbona una haraka ya kunikimbia?"

Kamusi hakumngoja. Alipata familia ya Ujerumani yenye watoto wawili. Angeishi nao mwaka mzima, awalee watoto, na lugha imkolee. Ilibaki simu moja tu ya mama wa familia ile, ya kumkubali.

Sasa, darasa lile lilikuwa na mchezo wake. Kila Jumatano simu zote zilipokelewa kwa Kijerumani, na mwenzao mmoja mcheshi, waliyemwita Shangazi, aliwapigia akijifanya mama wa ng'ambo, akawahoji mpaka watoke jasho. Jumatano moja Kamusi alimwachia Bwana Kesho simu nje ya duka, akaingia kuchukua nakala za vyeti. Simu ikaita. Bwana huyo hata namba hakuitazama.

"Naomba kuzungumza na binti anayekuja kwetu," sauti ya mwanamke ilisema kwa Kijerumani.

"Haji," alijibu, amependezwa na matamshi yake mwenyewe. "Namuoa Desemba. Tafuta mwingine wa kuwaogesha wanao!"

Simu ikakatwa. Kamusi alipotoka, kijana akamwambia kuwa Shangazi amepiga, naye amemkomesha. Wakacheka wote wawili.

Jioni Shangazi akamwambia kijana kuwa siku hiyo alikuwa amelala na homa, hakumpigia mtu. Bwana Kesho akajua alichofanya, akafunga mdomo. Wiki mbili nzima alimtazama mpenzi wake akishtuka kila simu inapoita, na bado akala, akalala, akapiga pasi mashati yake. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Jumatano ya pili barua pepe ikaingia: familia imepata msichana mwingine, inamtakia ndoa njema. Kamusi aliisoma mara nne, kisha akatafuta ile simu ya Jumatano, akaiona namba ya Ujerumani. Akamfuata dukani.

"Ndoa gani?"

"Kipenzi, nisikilize..."

"Usiniite kipenzi! Ndoa gani?"

"Nilidhani ni Shangazi."

"Ukajua lini kuwa siye?"

"Jioni ileile."

"Ungempigia mama yule kesho yake, ukamwambia ni mchezo wa darasa, angecheka. Kwa nini hukupiga?"

Akatazama chini. "Nilifurahi. Kidogo. Kwamba huendi."

Hasira ilimpanda Kamusi mpaka masikio yakawa ya moto. "Mama yangu ameshawaaga majirani kwa niaba yangu, wewe unafurahi?" Akamkabidhi simu. "Leo ni Jumatano. Piga. Weka sauti ya nje, foleni yote isikie."

Akapiga. Alikosea, akarudia, akakwama, shati likalowa mgongoni, lakini alisema yote: ndoa hakuna, alifanya mzaha, alijua akanyamaza. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Akasema nafasi imeshachukuliwa, hawezi kumfukuza mtoto wa watu. Kisha akauliza: kwa hiyo kweli hamuoani?

Bwana Kesho akamgeukia Kamusi. "Mimi nataka kukuoa. Si mzaha."

Kamusi akamnyang'anya simu. "Mwaka huu hapana," alimjibu mama yule kwa Kijerumani kilichonyooka. "Mwaka huu nakuja huko. Kuna nyumba ya wazee inatafuta watu wa kujitolea. Natuma maombi leo."

Akakata. Akatoa mkobani fomu ya kozi ya kiangazi, imeshachakaa pembe, akamsukumia kifuani.

"Ukitaka kuniposa, uje uniposee kule. Kwa Kijerumani, na unitazame usoni."

"Nitaijaza ke..." Akajing'ata ulimi. "Una kalamu?"

"Kanunue!"

Kamusi akaenda kusimama mwisho wa foleni na vyeti vyake. Bwana Kesho akanunua kalamu, akaja akasimama nyuma yake, akaanza kujaza fomu juu ya goti. Safari hii hakumruka mtu.