Walimficha Mume Wangu Kwenye Banda la Kuni

Ndugu wasomaji, mimi ni mjane wa Kinjumbi, umri wangu ni kama miaka arobaini hivi. Sikusoma, haya nayasema kwa mdomo na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani ananiandikia. Nimekaa nayo moyoni tangu kabla ya vita vya Maji Maji... leo nayatapika!

Mume wangu, Athumani, alijikata mguu kwa jembe katika shamba la pamba la akida, tulilolimishwa kwa lazima. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Alilima na jeraha lake mpaka jua lilipozama, na kesho yake, na keshokutwa. Mguu ukavimba, ukaanza kutoa harufu.

Wazee walitaka tumtibu kwa dawa zetu. Mimi nikakataa! Kwa nini? Kwa sababu mdogo wangu Zuhura, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa ameolewa na Selemani, msaidizi wa daktari katika nyumba ya dawa ya Wadachi kule Kivinje. Nilijiambia, shemeji yangu yupo, atamwangalia kama ndugu yake. Tukambeba mgonjwa kwa machela mpaka mjini.

“Shemeji, usiwe na wasiwasi,” Selemani aliniambia. “Huyu yuko mikononi mwangu.”

Mikononi mwake! Daktari mwenyewe alikuwa safarini bara, na bila yeye Selemani alikuwa sultani. Kitambaa cha jeraha kilikauka kikagandamana na nyama, hakuna aliyekibadilisha. Nzi walimzunguka Athumani, mimi nikawapunga kwa upande wa kanga. Kila nikimwita shemeji, yuko kwa akida wa mjini anamfunga mtu kidole. Nikimwambia Zuhura, ananijibu kwamba mimi nina haraka, dawa ya Kizungu inataka subira.

Kisha ikaja habari kwamba daktari mkubwa, mgeni kutoka Ulaya, angepita kukagua jinsi wagonjwa wanavyotunzwa. Mngeona mbio zilizozuka! Kuta zilipakwa chokaa, mashuka meupe yakatoka sandukuni, tusijue siku zote yalikuwa yanamngoja nani.

Asubuhi ya ukaguzi nilikwenda kisimani. Niliporudi, kitandani kwa mume wangu alikuwa amelala mwanamke, kajifunika shuka jipya mpaka kidevuni. Nikasogea... alikuwa Zuhura! Mdogo wangu, buheri wa afya, hata kikohozi hana!

“Athumani yuko wapi?” nikamuuliza.

“Punguza sauti, dada,” akanong’ona. “Yuko nyuma, kwa muda tu. Harufu yake ingetuharibia.”

Nilimkuta kwenye banda la kuni, pamoja na wengine wenye vidonda vibaya, wamelazwa chini kwenye vumbi. Alikuwa anatetemeka kwa homa. Akaniuliza, “Mama Somoe, tumefukuzwa?”

Nikarudi ndani mbio. Mzungu mgeni alikuwa amesimama mbele ya Zuhura, na Zuhura anamsifia matunzo, Selemani akifasiri, eti alikuja akiwa mahututi na sasa anakula vizuri! Nikajitupa mbele yao. Nikasema yote: mume wangu anaoza, hakuoshwa, wamemtupa kwenye kuni, njoo nikuonyeshe! Machozi yalinitoka, mikono nimeikutanisha.

Mgeni yule hakujua Kiswahili. Akamgeukia Selemani amfasirie. Selemani akasema maneno yake ya Kidachi, taratibu, huku anatabasamu.

Na yule Mzungu naye akatabasamu! Akanishika bega, akanipa kipande cha sabuni, akasema neno moja alilolijua: “Vizuri, vizuri.” Akapita. Nilipotaka kumfuata, askari akanivuta nje.

Baadaye Zuhura mwenyewe ndiye aliyenieleza, tena bila haya. “Selemani alimwambia Mzungu unalia kwa furaha, mumeo amepona. Sasa ulitaka afukuzwe kazi? Mimi ningekula wapi, dada?”

Athumani alifariki palepale bandani, kabla wiki haijaisha. Selemani alisifiwa kwa usafi, akapelekwa Lindi kwa cheo kikubwa zaidi. Zuhura alikuja matangani na kikapu cha mchele. Nilikimwaga uani mbele ya watu wote, kuku wakala. Vita vilipotufikia na watu wakaacha mashamba ya akida, wapo walioshangaa hasira yote ile imetoka wapi. Mimi sikushangaa.

Mwezi uliopita Zuhura aliniletea salamu kutoka Lindi. Anaumwa, mumewe amemwacha, anataka nikamuuguze. Sijaenda. Wanaosema nisamehe, waliona banda lile?

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msifanye nilivyofanya mimi! Usimwache mgonjwa wako mikononi mwa mtu kwa sababu tu ni shemeji yako. Funua kitambaa, tazama kidonda kwa macho yako. Pua yako ikisikia kwamba kinaoza, mbebe uondoke, usingoje kuombwa radhi na mtu. Na akija mkubwa kukagua, mpelekeni kwa mgonjwa mwenyewe. Athumani alikuwa na akili zake timamu na ulimi wake mpaka siku ya mwisho... na katika nyumba ile nzima, hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaumwa wapi.