Ng'ombe Ambao Wambui Hakuwachunga

Kila Jumamosi asubuhi Wambui alibeba gitaa lake mgongoni, akashuka kituo cha metro cha Porte de Namur na kuingia Matonge, mtaa wenye maduka na saluni za Waafrika. Kabla hajafika kwenye redio ndogo alikoimba, wasusi walishatoa vichwa nje ya saluni.

"Binti Ng'ombe, leo umekamua lita ngapi?"

Wambui alicheka, akaongeza mwendo.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo wa 2014 sauti yake ilijulikana katika nyumba nyingi za Waafrika mjini Brussels, Ubelgiji. Aliimba kantri, zile nyimbo za gitaa na kofia pana ambazo baba yake, Nehemia, alizipenda tangu Kenya. Kosa lilianza siku ya kwanza redioni. Mtangazaji, Mkongo wa Likasi ambaye wote walimwita Tonton Anaclet, yaani Mjomba Anaclet, alimuuliza kama alikulia kijijini akichunga ng'ombe. Wambui aliyaona macho yake yaking'aa, akajibu ndiyo, tena arobaini. Ukweli ni kwamba alikulia mjini Nyahururu, ghorofani, juu ya duka la viatu la mama yake. Ng'ombe aliyemjua ni wa buchani.

Tangu hapo hakupumua. Wasikilizaji walitaka majina ya ng'ombe, akayatunga. Wakauliza kuhusu kovu la mkononi, akasema ni pembe, kumbe ni pasi. Baba, bawabu wa ofisi moja karibu na kituo cha metro cha Schuman, alikuwa zamu kila Jumamosi, hivyo hakujua. Shuleni Wambui alianza kukaa peke yake, asije akaulizwa.

Kisha Tonton Anaclet akatangaza kwamba Wambui ndiye atakayefungua tamasha la kiangazi. Ili kulitangaza, wangempiga picha za video akikamua ng'ombe katika shamba la mfugaji mmoja, Maman Mathilde, pembezoni mwa jiji. Baba alifurahi, akaomba ruhusa kazini amsindikize.

Zizini, Maman Mathilde alifunga mlango ng'ombe asitoke. Ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko gari la baba. Aligeuza kichwa, akamtazama Wambui bila haraka. Kamera ikawaka.

"Bon, mutoto, kamata kiti, kamua," alisema Tonton Anaclet. "Alors, unangoja nini?"

Wambui alitazama mlango uliofungwa, kisha baba yake aliyesimama pale akishangaa.

"Tonton, sijui kukamua," alisema. "Sijawahi kuchunga ng'ombe hata mmoja. Nilidanganya."

Tonton Anaclet akazima kamera. "Na yale majina yote?"

"Niliyatunga."

Hakumgombeza. Alisema tu kwamba tamasha litafunguliwa na mwingine, na kama Wambui angependa kuendelea kuimba, Jumamosi awaambie wasikilizaji kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumamosi ile Wambui alisema yote redioni. Wengine walipiga simu kumsuta. Wengine walicheka, wakaomba aimbe. Aliimba nyimbo mbili.

Baba, aliyeomba ruhusa tena kazini, alikuwa akimngoja nje. Alimpokea gitaa, wakatembea hadi kona.

"Watu waliipenda sauti yako, nayo ni yako kweli," baba alisema. "Kwa nini uliwapa utoto wa mtu mwingine? Tamasha limekupita, na hiyo ni haki. Lakini mwanangu, kuanzia leo ukiulizwa ulikotoka, utajibu bila kufikiri kwanza. Huo ndio uhuru ambao uongo ulikunyang'anya."