Kalenda Nyuma ya Pipa la Unga

"Leo ya ngapi? Mmefika sita? Usikate tamaa, safari hii mtavuka!"

Yasna aliusoma ujumbe huo mara tatu, kijiko cha parachichi kimemganda mkononi. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Nibaldo, aliyekuwa bafuni akijiosha unga wa kutwa nzima. Aliyetuma ni Oriana, mwanamke anayekanda naye mikate bekari.

Sita ya nini? Na wanavuka kwenda wapi?

Yasna si mtu wa kupaparika. Miaka kumi na mitano ameendesha lori kubwa kama ghorofa kwenye mgodi wa shaba huko juu ya mji wa Calama, jangwani, siku saba mgodini, siku saba nyumbani, na akisikia mlio mdogo tu kwenye injini hatulii mpaka ajue unatoka wapi. Sasa mlio huo ulikuwa jikoni kwake.

Na ulikuja siku mbaya, jamani! Pale mezani palikuwa na fomu ya kustaafu mapema, mwisho wa kuirudisha ni kesho saa sita mchana. Akisaini, hapandi tena mgodini, na ana miaka arobaini na minne tu. Asiposaini, atalisukuma lori mpaka afike sitini. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi ya malengo yake kumi na moja: akiba ya kumtosha bila mshahara, nyumba ndogo mji wa Valdivia, kusini kwenye mvua, kuogelea mita hamsini, kuacha sukari, na mengine. Kila mwezi alipaka rangi visanduku vya lengo lililosogea. Vilibaki vinne.

Akachukua simu yake, akapiga.

"Mama Oriana, ni mimi Yasna. Sita ya nini?"

"Uwiii! Umeusoma?"

"Nimeusoma. Unatembea na mume wangu?"

Oriana alicheka mpaka akapaliwa.

"Mwanangu, nina miaka sitini na mitatu na magoti yote mabovu. Nitembee naye niende naye wapi? Sikiliza. Nimeapa kwamba sisemi. Lakini sikuapa kukuzuia usiangalie nyuma ya pipa lenu la unga."

Simu ikakatwa.

Nyuma ya pipa palikuwa na kalenda ya duka la nyama, ina alama za vidole vya unga. Kila ukurasa ulikuwa na vidoti vya kijani, na misalaba myekundu michache. Yasna akafunua mwezi mmoja, akafunua mwingine. Kitu kimoja kilimshangaza: wiki alizokuwa mgodini zilikuwa tupu kabisa. Alama zote zilikuwa za siku alizokuwepo nyumbani. Mwanaume mwenye hawara anaandika siku mkewe hayupo, si siku yupo! Hasira ikapungua, hamu ya kujua ikazidi.

Nibaldo akatoka na taulo shingoni, akaiona kalenda, akasimama.

"Hii nini, mzee?"

"Hiyo... ya bekari."

"Bekari gani inayofunga siku saba, inafungua siku saba?"

Nibaldo akavuta kiti, akakaa.

"Kijani, siku hatukugombana. Nyekundu, tumegombana."

Yasna alikuwa amejiandaa kwa lolote, ila si hilo.

"Unanihesabia ugomvi?"

"Natuhesabia. Wewe si una karatasi yako hapo? Na mimi hii ndiyo yangu. Lengo moja tu: tufike siku saba bila kugombana kabla hujastaafu. Mwaka na nusu sasa, bibie, hatujavuka sita hata mara moja. Halafu unataka twende Valdivia, mvua nje, sisi ndani, siku thelathini kwa mwezi! Si tutatoana macho?"

"Ndiyo ukaenda kumwambia Mama Oriana, mimi ukanificha?"

"Wewe ningekuanzia wapi? Kila asubuhi nikifuata maziwa naisoma karatasi yako. Kuogelea kumo. Kuacha sukari kumo. Mpaka viazi vya bustani vimo! Mimi simo."

"We Nibaldo! Mtu anajiwekea lengo la kitu alicho nacho?"

"Ulicho nacho ni nusu. Miaka kumi na minne ya ndoa, tumekaa pamoja saba."

Maneno hayo yalimchoma Yasna, na hakuficha. Macho yalimjaa machozi.

"Kwa hiyo unataka nisisaini?"

"Sijasema hivyo. Nataka kujua kama unastaafu uje kwangu, au unastaafu tu."

Yasna alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaivuta kalenda karibu na kuanza kuipitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama anavyosikiliza injini.

"Msalaba huu wa Machi, tuligombania nini?"

"Soksi. Nilisema umebeba zangu."

"Wa Mei?"

"Kikombe. Uliacha kikombe juu ya redio."

"Na huu?"

"Huo... mlango. Uliubamiza."

"Nani alianza?"

Nibaldo akakuna kichwa.

"Wa mlango?"

"Yote. Nani huwa anaanza?"

"Mimi."

"Na unapoanza, mimi nakuwa nafanya nini?"

"Sijui. Unakuwa chumbani, unapanga be..."

Yasna akaigeuza kalenda imwelekee, akaweka kidole kwenye msalaba mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Yote ilikuwa siku ya saba. Yote ilikuwa siku ya kufungasha.

"Hugombani na mimi, mzee wangu. Unagombana na begi."

Nibaldo alifunika uso kwa taulo. Mabega yakamtikisika.

"Sijajua kukuaga," alisema humohumo kwenye taulo. "Miaka yote hii, bado sijajua."

"Basi usijifunze."

Yasna akainuka, akaenda kwenye friji, na chini ya lengo la kumi na moja akaandika: "12. Siku ya nane." Kisha akarudi mezani na kalamu ileile, akaisaini fomu.

Kesho yake wakaipeleka pamoja, mkono kwa mkono. Begi halikushushwa kabatini, na siku hiyo, ya saba, ikapita kijani, ya kwanza tangu kalenda ianze. Oriana alipopigiwa simu alipiga vigelegele mpaka watu bekari wakadhani kuna harusi.

Siku ya nane, kabla hata chai haijapoa, walikuwa wanafokeana.

"Mwokaji mzima unaunguza mkate!"

"Nani alinipigisha soga? Nani?"

"Soga zinazima pua? Husikii harufu?"

Ghafla wote wawili wakaigeukia kalenda. Nibaldo akaichukua kalamu nyekundu kama mtu anayepeleka rambirambi.

"Tumeharibu, bibie. Siku ya kwanza tu ya kuvuka."

Yasna akakwangua sehemu iliyoungua, akapaka parachichi, akamsogezea kipande kikubwa.

"Weka msalaba wako, mzee. Kesho nipo."