Besi la Sahani ya Dhahabu

Kabati lilikuwa limevunjwa, gitaa la besi halimo, na Marselino amekaa sakafuni kama mfiwa. Ndivyo Inspekta Cornel alivyoyakuta mambo katika ukumbi wa dansi wa Shinyanga, asubuhi ya Jumamosi moja ya mwaka 1958.

Hasara haikuwa ya muziki tu. Kesho yake bendi ya Marselino ilikuwa ishindane na ngoma za Mzee Mageni, mhunzi, kwa desturi ya Usukumani: pande mbili hupiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi. Mageni alikuwa ametamka hadharani kwamba kijana akimshinda, atamwoza binti yake, Limi. Bila besi, kwaheri Limi.

Haikufika saa nne, askari wakaleta mtuhumiwa: Gregory, mpigaji wa bendi ya Mwadui, pamoja na besi lililokutwa chumbani kwake. Walikwisha kuanza kupongezana. Haraka haraka haina baraka.

"Ni langu, afande," Gregory alisema.

Inspekta akamgeukia Marselino. "Lako likoje?"

"Kampuni ni moja, lakini hilo ni toleo la kwanza. Ubao bapa, kingo zinachoma mbavu. Langu ni la mwaka jana. Kingo zimechongwa, na lina sahani ya chuma ya rangi ya dhahabu usoni."

"Na chini ya kifuniko hiki cha chuma?"

Gregory akakifungua. Kulikuwa na kinasa sauti cha nyuzi, kipande kimoja kilichonyooka. Cha Marselino, alieleza mwenyewe, kimegawanywa vipande viwili vilivyopishana. Gregory akaachiwa na kuombwa radhi. Kabla hajamrudishia besi lake, Inspekta alizigeuzageuza skrubu mbili za kifuniko. Vichwani zilikuwa na alama ya msalaba, si mfuo mmoja kama skrubu za maduka ya pale mjini.

Alasiri alikwenda kwa Mageni kwa kisingizio cha kuagiza jembe. Alimpa shikamoo, wakazungumza habari za pamba na mvua, huku jicho lake likitembea mezani. Kati ya vumbi la chuma zililala skrubu mbili za msalaba.

"Mzee, hizi umezitoa wapi?"

Mageni akasogeza gunia la mkaa mwenyewe. Sahani ya dhahabu ikang'aa.

"Uliliiba ili usishindwe?"

"Nilitaka kuiona dawa yake. Miaka thelathini navuta watu, afande. Kijana huyu anagusa nyuzi nne, wananikimbia. Ngoma yangu ina dawa ndani, nikajua na lake linayo, chini ya kile kifuniko. Jana usiku nikafungua. Vyuma tu."

"Basi ungelirudisha."

"Ndipo nikaogopa zaidi. Hana dawa, afande. Anajua kupiga."

Marselino alipoletwa, aliulizwa kama yuko tayari kushtaki. Aliinamisha kichwa kwa aibu, akasema mtu hamshtaki mkwewe.

"Huyu bado si mkwe wako," Inspekta alimkumbusha. "Mashindano ni kesho."

Mageni alilipangusa besi masizi, akamkabidhi kijana kwa mikono miwili.

"Ya nini tena?" alisema. "Andika, afande, kwamba nilishindwa jana."